Betri mpya haikuponya kitu: uzoefu wangu na laptopu inayochaji na kuacha

Nina wiki saba sasa natumia betri mpya na chaja mpya kwenye laptopu yangu, ambayo ina miaka minne. Vyote viwili nilivinunua kutibu ugonjwa mmoja: laptopu ilikuwa inachaji, inaacha, inachaji tena, inaacha tena. Chaja ndiyo iliyotibu. Betri nilikimbilia kuinunua kabla ya kupima chochote, na kwa kuwa najua wengi huanzia hapohapo, nitavieleza vyote viwili, na hasa njia niliyopita mpaka nikajua tatizo liko wapi.

Ilianza hivi. Nachomeka chaja, taa ya pembeni inawaka, asilimia inapanda kutoka 41 hadi 42, 43, halafu inasimama. Alama ya plagi bado ipo kwenye skrini lakini maneno yamegeuka: imechomekwa, haichaji. Naendelea na kazi, baada ya robo saa naangalia tena, nakuta imefika 50. Siku nyingine nalala nikiwa nimeiacha kwenye umeme, naamka nakuta iko palepale nilipoiacha. Hakukuwa na mpangilio ambao ningeweza kuushika, na hilo lilinichosha kuliko tatizo lenyewe. Kitu kikifa kabisa unajua la kufanya. Hiki kilikuwa kinafufuka kila nilipokaribia kukipeleka kwa fundi.

Kulikuwa na ishara mbili ambazo nilizipita. Ya kwanza: kuchaji kulipokatika, mwanga wa skrini haukupungua. Laptopu yangu nimeiweka ififize skrini mara tu inapobaki na betri pekee. Haikufifia, maana yake umeme ulikuwa bado unaingia na mashine inautumia. Kilichogoma ni kuupeleka kwenye betri. Ya pili: kila ilipoacha kuchaji ilikuwa nzito ajabu. Kurasa tatu tu za intaneti zinaishinda, na feni iko kimya. Nilidhani ni programu zinajisasisha. Kumbe ishara zote mbili zilikuwa zinasema jambo moja.

Mimi nikaamua betri imezeeka. Nikaagiza nyingine, si ya kampuni iliyotengeneza laptopu, ila yenye namba ileile ya modeli, volti zilezile na wati-saa zilezile, yaani kiasi kilekile cha umeme inachobeba. Kama bidhaa, sina malalamiko nayo. Imeingia mahali pake bila kulazimishwa, matundu ya skrubu yamelingana, na kiunganishi chake kimekaa sawasawa. Kuifunga kulinichukua kama nusu saa, nyingi ikiwa ni kufungua kifuniko cha chini kwa kipande cha plastiki ili nisikwangue kingo. Kwa anayetaka kujaribu: zima kabisa, chomoa chaja, na kitu cha kwanza kukigusa ndani kiwe kiunganishi cha betri, ukichomoe kabla ya kugusa kingine chochote. Na ukikuta betri ya zamani imevimba, imekuwa kama mto, usiibonyeze wala kuichokoa kwa bisibisi. Uvimbe huo huonekana hata kabla ya kufungua: padi ya kugusa inainuka, au laptopu ikiwekwa mezani inayumba. Hiyo ni hatari ya moto, na laptopu ya namna hiyo haipaswi kuchajiwa hata mara moja zaidi.

Yangu haikuwa imevimba. Nikafunga mpya, nikawasha, ikachaji mpaka 62. Ikaacha.

Usiku ule ndipo nilipofanya nilichopaswa kuanza nacho. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport, kompyuta inakutengenezea ripoti unayoifungua kwenye kivinjari. Ndani yake kuna namba mbili za kutazama: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Uzuri ni kwamba ripoti huweka pia historia, kwa hiyo betri yangu ya zamani ilikuwa bado imo. Ilitoka kiwandani na miliwati-saa 51,000, na mara ya mwisho ilikuwa inashika 39,800. Hiyo ni asilimia 78. Kwa betri ya lithiamu iliyotumika miaka minne, hali hiyo ni nzuri. Betri iliyochoka inaisha upesi, au asilimia zinaruka kutoka 30 hadi 5 ghafla na mashine inazimika. Yangu haikuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Nilikuwa nimeitoa betri nzima ikiwa na kosa la kuwa karibu na tatizo.

Nikaacha kukisia. Kwa siku mbili niliweka karatasi kando ya laptopu, na kila kuchaji kulipokatika niliandika mambo manne: asilimia iliyofikia, joto la sehemu ya chini nikiigusa kwa kiganja, kazi niliyokuwa nafanya, na laptopu ilivyokaa. Nilitaka kujua kukatika kunafuata nini. Kama kunafuata asilimia, yaani kila mara inaacha pale pale, huenda ni mpangilio wa kulinda betri. Kama kunafuata joto, ni mfumo unaoikinga, kwa sababu betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto kali, na nyingi husimamishwa zikikaribia nyuzi 45, vilevile zikishuka chini ya sifuri. Kama kunafuata kazi nzito, chaja ni dhaifu kuliko mahitaji ya mashine. Na kama kunafuata mkao, basi ni waya au tundu.

Asilimia zilikuwa za kila aina: 43, 62, 71, 28. Joto halikuwa na uhusiano. Lakini safu ya nne ilijaa neno moja, kila mstari: waya umepinda. Laptopu ikikaa upande wa kulia wa meza, waya unashuka wima na inachaji. Nikiivuta karibu, waya unakunjwa pale unapoingia kwenye ncha, na ndani ya dakika chache inaacha. Kwa siku mbili hakuna mstari hata mmoja uliokwenda kinyume.

Nikaazima multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nikapima ncha ya chaja. Lebo inasema volti 19.5, ampea 3.34, wati 65. Mita ikasoma 19.6. Nikaukunja waya, nikauzungusha, nikauvuta kidogo, bado 19.6, haikutikisika. Hapa wengi wangesema chaja ni nzima na kuhamia kwenye tundu la laptopu au ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani unaounganisha kila kitu. Fundi mmoja niliyempelekea alisema hivyohivyo, kwamba tundu libadilishwe, na ikishindikana huenda ni ubao mama. Sikumlaumu, mita ilikuwa inamuunga mkono.

Ila ncha za aina yangu, zile za duara zenye sindano nyembamba katikati, zina njia tatu. Ukuta wa nje na ukuta wa ndani ndio unaopitisha umeme. Sindano ya katikati haipitishi umeme wa kuchaji hata kidogo; inapitisha utambulisho. Ndani ya chaja mna chipu ndogo inayoiambia laptopu, mimi ni chaja ya wati 65. Laptopu ikisikia hivyo inajua inaweza kuendesha kazi zake na kujaza betri kwa pamoja. Isiposikia kitu, haijui imeunganishwa na nini, kwa hiyo inajihami: inatumia umeme unaoingia kuendesha mashine tu, inakataa kuchaji betri, na inapunguza kasi ya prosesa isije ikamlemea mgeni isiyemjua. Ndiyo sababu skrini haikufifia. Ndiyo sababu kila kitu kilikuwa kizito. Waya mwembamba wa utambulisho ulikuwa umekatika ndani ya ganda, karibu na ncha, ukigusana na kuachana kadiri ninavyousogeza, huku nyaya mbili nene za umeme zikiwa salama kabisa. (Ukipima ncha kama hii, angalia ncha ya mita isiguse sindano na ukuta wa ndani kwa wakati mmoja, unaweza kuiua hiyo chipu na kujiongezea tatizo ambalo hukuwa nalo.)

Uthibitisho haukuhitaji mita wala kufungua chochote. Niliingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofunguka kabla Windows haijaanza, kwenye ukurasa wa betri. Pale pameandikwa aina ya chaja iliyochomekwa. Waya ukiwa wima: wati 65. Nikaukunja, nikafungua ukurasa upya: haijulikani. Nikanyoosha: wati 65. Nilirudia mara sita nikiwa nimesimama, kwa furaha. Baada ya wiki tatu za kubahatisha, hatimaye ugonjwa ulikuwa unanitii.

Bado ilibaki kujua kama ni waya au ni tundu, maana sindano hiyo huingia kwenye tundu la laptopu ambalo nalo huweza kulegea. Hapo dawa ni chaja ya pili. Ya kwanza niliyoazima ilikuwa ya wati 45, na karibu inipoteze: ilichaji polepole, na nilipofungua kazi nzito asilimia zikaanza kushuka ikiwa imechomekwa. Huo si ubovu, ni uhaba. Mwenzangu kazini akanipa yake ya wati 65, aina ileile, nikaiacha usiku mzima huku nikiukunja waya makusudi kila nilipopita. Haikukatika. Tundu ni zima. Kama laptopu yako inachaji pia kwa tundu la USB-C, una njia rahisi zaidi: ichaji kwa huko siku moja. Njia hiyo hailigusi tundu la duara wala sindano, kwa hiyo ikichaji bila kukatika, betri yako umeshaitoa kwenye orodha ya watuhumiwa. Hakikisha tu chaja na waya vinabeba wati zinazotakiwa, kwa sababu waya wa kawaida wa USB-C unaishia wati 60.

Sasa chaja mpya. Nilichukua ya kampuni ileile iliyotengeneza laptopu. Niliziacha zile za ncha nyingi za kubadilisha kwa sababu nyingi hazina chipu ya utambulisho. Zitawasha laptopu, zitakuonyesha alama ya plagi, na betri haitapanda. Tangu siku niliyoichomeka, kuchaji hakujakatika hata mara moja kwa sababu ya waya. Kutoka asilimia 10 hadi 80 inachukua kama saa moja na robo nikiwa nafanya kazi nyepesi. Inapata vuguvugu, si moto wa kuunguza. Ninachokilalamikia ni shingo ya waya pale unapoingia kwenye ncha: ni fupi na ngumu, haina mpira mrefu unaopinda taratibu, na ndipo hasa ile ya kwanza ilipokatika. Mahali panapobeba mikunjo yote ya kila siku pangestahili kufikiriwa zaidi. Chaja naipa nyota nne kwa tano, na nyota moja naishikilia kwa ajili ya shingo hiyo tu. Betri naipa nne pia: ripoti inasoma uwezo wa miliwati-saa 49,300, pungufu kidogo ya ilichoandikwa, na baada ya wiki saba haijashuka.

Wiki ya pili nilipata hofu. Inachaji vizuri, inafika 80, inaacha. Siku iliyofuata tena 80. Safari hii sikugusa pochi. Nilijiuliza kunafuata nini, na jibu lilikuwa wazi, kunafuata asilimia. Nilirudi BIOS nikakuta mpangilio wa kutunza betri umewashwa, huenda niliubonyeza mwenyewe katika kuingia na kutoka kule kwote. Nimeuacha ulivyo. Betri ya lithiamu inayokaa kwenye umeme muda wote huzeeka upesi ikishikiliwa kwenye 100, na mimi hukaa mezani siku nyingi. Naiongeza hadi 100 nikijua nina safari.

Kuna ushauri mwingine ambao niliufuata mwanzoni na haukunisaidia, ingawa si mbaya: kuchomoa chaja, kuzima, kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 na kuwasha tena, na kuifuta betri kwenye orodha ya vifaa vya Windows ili itambuliwe upya. Hutibu pale ambapo kidhibiti cha umeme kimeganda. Ni bure na ni dakika mbili, kwa hiyo fanya. Lakini ikitulia siku moja halafu ikarudi kama yangu, usiendelee kurudia, angalia waya.

Betri ya zamani nimeitunza, ikiwa na chaji ya kama nusu, mahali pakavu pasipo na joto, na itarudi kazini siku mpya ikichoka. Chaja ya zamani nimeikata ncha kwa mkasi ikiwa imechomolewa, asije mtu akaiokota kwenye droo akaanza safari hii upya.