Mafunzo ya kuigiza dharura kwa wahudumu wa wagonjwa mahututi, Mbeya

Mafunzo ya kuigiza dharura yaliyoletwa kwa wauguzi na madaktari wa wodi yetu ya wagonjwa mahututi hapa Mbeya yanastahili sifa, hasa kwa sababu yalifanyika ndani ya wodi yenyewe, kwa vifaa vile vile tunavyovitumia zamu ya usiku.

Zoezi lililonigusa zaidi ni la sanamu ya mgonjwa iliyounganishwa na mashine ya kupumulia, ambayo ghafla oksijeni yake ilishuka huku kengele ikilia. Mkufunzi hakutoa jibu. Aliiacha timu ikumbuke kumtenganisha mgonjwa na mashine, kumpumulisha kwa ambu (mfuko wa kupumulisha unaobanwa kwa mkono), kisha kuchunguza kama mrija wa kupumulia umehama au umeziba, kama hewa imevujia kifuani nje ya mapafu, au kama hitilafu ni ya mashine. Kila agizo lilirudiwa kwa sauti na aliyelipokea, jambo linalosaidia sana kuepusha makosa ya dozi. Katika kufufua moyo, sanamu ilionyesha iwapo kifua kinabonyea sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na tuliona wazi kwa nini watu hupokezana kila dakika 2.

Kasoro kubwa ni muda. Mjadala wa baada ya zoezi, ambao ndio kiini cha mafunzo haya, ulikatizwa ili kuwahi zoezi jingine, na muuguzi mgeni kazini hakupata nafasi ya kueleza kwa nini alisita kumsahihisha daktari. Waandaaji wapunguze idadi ya mazoezi, warefushe mjadala, na warudi baada ya miezi michache, kwa kuwa ustadi wa kufufua hufifia upesi usiporudiwa.