Nyota moja, labda mbili: programu ya ujumbe kwenye kompyuta niliyoiunga mwenyewe

Nianze na maneno ya huduma kwa wateja yaliyonikera, maana bila hayo nisingekaa kuandika chochote: "Ndugu mteja, tatizo hili linatokana na kutumia kompyuta iliyoungwa na mtu binafsi. Tunashauri utumie kifaa kinachotambulika."

Kinachotambulika na nani? Mimi naitambua. Niliifunga skrubu moja baada ya nyingine, huku nikigusa chuma cha kasha kila mara ili umeme tuli wa mwilini usije ukaunguza kitu. Na ukizifungua zile za kiwandani zenye nembo kubwa usoni, ndani utakuta mambo yaleyale: prosesa, kumbukumbu, diski, feni, ubao mama. Hakuna malaika aliyewekwa humo.

Jina la programu silitaji. Ni ya kutuma ujumbe, inakaa kwenye simu, na ina toleo la kompyuta unaloliunganisha kwa kuelekeza kamera ya simu kwenye ule mraba wa vidoti. Vipimo vya kompyuta navyo siviandiki, havina uhusiano na hasira zangu. Jambo moja tu: ubao mama, ule ambao sehemu zote za ndani huchomekwa, au mazabodi kama mafundi wanavyouita, niliutoa kwenye mashine yangu ya zamani. Ulikuwa mzima, nikaona ni upuuzi kununua mwingine.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Kuandika kwa vidole kumi badala ya dole gumba moja, kuburuta faili kutoka kwenye folda na kuliachia palepale kwenye mazungumzo, hiyo ni raha. Niliisifia programu kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Kulikuwa na kasoro ya sauti, watu nikiwapigia hawanisikii, kumbe waya wa maiki wa mbele ya kasha sikuuchomeka kwenye mazabodi. Kosa langu, dakika tano, yakaisha.

Kisha nikasafiri siku chache. Kabla ya kuondoka nilichomoa kila kitu ukutani, tabia niliyolelewa nayo. Niliporudi nikawasha mashine, nikaifungua programu, ikaandika juu: Inaunganisha. Ikabaki hapohapo. Nikamwandikia mteja wangu maelezo marefu ya kazi aliyokuwa anaisubiri, nikabonyeza kutuma, na pembeni ya ujumbe kikatokea kile kisaa kidogo, alama ya kwamba ujumbe haujaondoka. Nikaenda kuoga. Nimerudi, kisaa. Nikala. Nimerudi, kisaa. Nikalala na asubuhi nikaamka na kisaa changu.

Kwenye simu, akaunti hiyohiyo, WiFi hiyohiyo, kila kitu kinapita kama maji.

Basi nikaanza ufundi. Nikaizima programu nikaiwasha. Nikaingia kwenye mipangilio ya Windows nikabonyeza kitufe cha kuirekebisha. Nikaipa ruhusa kwenye faiawoli, ingawa ilikuwa nayo tayari. Nikazima kinga ya virusi kwa dakika kumi, roho mkononi. Nikabadilisha DNS, ile huduma inayotafuta anwani za tovuti. Nikaacha WiFi nikachomeka waya moja kwa moja kwenye ruta. Mwisho nikawasha hotispoti ya simu, kompyuta ikatumia intaneti ya simu yenyewe, ile ambayo programu ilikuwa inafanya kazi juu yake muda huohuo. Bado: Inaunganisha. Hapo angalau nilijua kwamba ruta haina hatia na kampuni ya intaneti haina hatia. Ugonjwa uko ndani ya kasha au ndani ya programu. Kwa kuwa kasha nilikuwa nimelifunga mimi, unajua nilimshuku nani.

Nikaandika kwa huduma kwa wateja. Nikaeleza yote hayo niliyojaribu, kwa mpangilio, na picha nne za skrini. Jibu likaja: futa programu, kisha isakinishe upya. Nikatii. Faili la kusakinishia bado nilikuwa nalo kwenye diski, sikuhitaji kulipakua. Nimeifuta, nimeiweka tena, na sasa hata ule mraba wa vidoti hautokei, kuna kiduara tu kinachozunguka. Na yale maelezo marefu kwa mteja, yaliyokuwa yamekaa na kisaa chake, yameondoka pamoja na programu iliyofutwa. Kwenye simu hayakuwahi kufika. Hakuna aliyenionya kwamba ujumbe ambao haujaondoka hufutika na programu. Mtu anayewaambia wateja "futa" mara mia kwa siku angeweza kuongeza sentensi hiyo moja.

Nikaandika tena. Akajibu mwingine: futa programu, kisha isakinishe upya. Nikamwambia nimeshafanya, na kwamba hali imekuwa mbaya zaidi. Akaniuliza kama nina intaneti. Nikavuta pumzi. Nikaeleza habari ya hotispoti upya. Akauliza kompyuta ni ya kampuni gani na toleo gani. Nikajibu ukweli, na kwa fahari kidogo, nakiri: nimeiunga mwenyewe. Ndipo yakaja maneno yale ya kutambulika, na chini yake mstari wa kunijulisha kwamba ombi langu limefungwa.

Limefungwa! Sijaambiwa asante, sijaambiwa pole. Yaani daktari anakuuliza shati umeshonewa wapi, ukimwambia nimeshona mwenyewe, anafunga faili.

Usiku ule nikaamua kuhama. Programu za ujumbe si moja duniani. Kompyuta hii naitumia kuhariri video, mambo ya kuperuzi nayamaliza kwenye simu, kwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi safari kufungua kivinjari juu yake. Nikaandika anwani ya programu ya washindani. Ukurasa ukagoma kufunguka, na mahali pake kikatokea kibao: saa yako iko nyuma. Chini yake kivinjari kikanionyesha tarehe ambayo kompyuta yangu iliamini ndiyo ya leo. Ilikuwa mwezi wa kwanza, mwaka 2018.

Nikacheka peke yangu chumbani. Halafu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka kile kisaa. Wiki nzima programu imenichorea saa mbele ya macho!

Utauliza nilikosaje kuona tarehe mbovu kiasi hicho. Upau wa chini wa Windows nimeuficha, napenda skrini iwe safi. Saa naangalia kwenye simu. Haya, hilo ni langu.

Sasa, kwa nini saa ya kompyuta imzuie mtu kutuma salamu? Nilisoma mpaka nikaelewa, kwa hasira. Programu haiongei hivihivi na seva, yaani kompyuta ya kampuni inayopitisha ujumbe; kwanza seva inaonyesha cheti cha kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama leseni ya udereva. Septemba 2020 kikomo cha vyeti vya tovuti za umma kiliwekwa siku 398, na vingi ni vya siku 90 tu. Kompyuta inayoishi mwaka 2018 ikioneshwa cheti kilichotolewa majuzi, inaona hati ya mtoto ambaye hajazaliwa. Inakataa, na ina haki ya kukataa, huo ndio ulinzi wenyewe. Ubaya ni kwamba sababu ya kukataa inajulikana papo hapo. "Cheti hakijaanza kutumika" ni kosa linalojitenga kabisa na "hakuna mtandao". Kivinjari kililisoma kosa hilo kikaniambia kwa maneno manne. Programu ya ujumbe imekutana na ukuta wa namna hiyohiyo, na kazi iliyoiona ya maana ni kuzungusha kiduara na kuandika Inaunganisha. Haikuwa inaunganisha. Ilikuwa imekataliwa, inajua, na inanidanganya.

Na Windows nayo, si hujirekebisha saa? Hujirekebisha, ila kwa kiasi. Kwenye kompyuta ya kujitegemea, yaani isiyosimamiwa na mtandao wa ofisi, mpangilio wake wa kawaida ni kwamba saa ikipotoka zaidi ya sekunde 54,000, yaani saa 15, huduma yake ya muda haithubutu kuisogeza. Ukichelewa nusu siku inakusaidia, ukichelewa miaka inakuacha ulivyo.

Nikairekebisha tarehe kwa mkono. Mraba wa vidoti ukatokea kabla sijaondoa kidole kwenye kipanya. Nikaelekeza simu, ikakubali, mazungumzo yakaanza kushuka. Nikazima kila kitu ukutani nikalala kwa amani. Asubuhi nawasha: mwaka 2018.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa chini ya kadi ya picha, ile inayochora vitu kwenye skrini. Kwenye mazabodi kuna betri bapa kama sarafu, CR2032 (hiyo 20 ni kipenyo chake kwa milimita, na 32 ni unene wa milimita 3.2), ambayo kazi yake ni kuiendesha saa wakati umeme haupo. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiizima, umeme kidogo unaoingia unaitosha saa, na ndiyo maana kabla ya safari sikuona dalili yoyote. Nilipochomoa, saa ilibaki na betri iliyokuja na ubao wa zamani, ambayo sikuwahi kuifikiria. Nilitoa kadi ya picha, nikasukuma kibanio, betri ikaruka. Nikaipima: volti 1 na ushei, wakati inatakiwa 3. Marehemu.

Nikaweka mpya, upande wa kujumlisha juu. (Ya zamani usiiache mezani kama una mtoto mdogo, akiimeza inaunguza koo.) Nikawasha, nikakuta mipangilio yote ya BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, imerudi ya kiwandani, hata mpangilio wa diski ya kuanzia, kompyuta ikanieleza kwamba haioni mfumo wowote. Moyo ulikwenda sakafuni. Nikaingia BIOS, nikaitaja diski sahihi, nikaweka tarehe, nikahifadhi. Ikawaka. Nikaichomoa ukutani makusudi usiku kucha. Asubuhi tarehe ilikuwa ya leo, na ujumbe wa kwanza niliotuma uliondoka hata kisaa sijakiona.

Kwa hiyo hukumu. Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota moja mkononi, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hawaruhusu. Nikitulia, naona betri ilikuwa yangu, ubao ulikuwa wangu, na upau niliuficha mimi. Programu tangu siku ile haijanisumbua hata mara moja, simu zinasikika safi, faili kubwa zinapita. Ni programu nzuri. Ningeipa hata nne. Kwa namna ya kuudhi, hata yule mhudumu hakuwa mbali na ukweli: tatizo lilitokana na kompyuta niliyoiunga mwenyewe.

Ila hapana, alikuwa mbali. Betri hiyohiyo imo kwenye kompyuta za mezani za kiwandani tele, nazo zikizeeka zinakufa vilevile, na mwenye nayo ataonyeshwa kiduara hichohicho. Yeye ataambiwa nini, kwamba kifaa chake kimeacha kutambulika? Swali moja tu, "ndugu, tarehe ya kompyuta yako ni ngapi?", lingemaliza kazi siku ya kwanza, na maelezo yangu kwa mteja yangekuwa salama. Mteja mwenyewe, kwa taarifa yenu, alipata toleo fupi nililoliandika upya kwa dole gumba, akajibu "sawa". Lile refu lilikuwa zuri zaidi.

Niliwaandikia mara ya mwisho, nikaambatanisha picha ya betri iliyokufa, nikawaeleza chanzo ili wamsaidie mwingine. Jibu lilikuja baada ya sekunde chache, kwa hiyo si la binadamu: "Tunafurahi kwamba tatizo lako limetatuliwa. Tafadhali tathmini huduma yetu." Chini yake nyota tano tupu zinangoja. Nikabonyeza ya tatu. Nikasoma tena juu kidogo kwenye mazungumzo, pale palipoandikwa "kinachotambulika", nikarudi nikabonyeza ya kwanza. Betri ile ya zamani ningali nayo, nimeibandika kwa gundi juu ya kasha, mbele, mahali ambapo kompyuta za kiwandani huwekewa nembo.