Meloxicam ya Maji kwa Mbwa: Dawa Safi, Sirinji Matata

Haya, karibuni tena. Leo niko nyuma ya nyumba hapa Lanet, Nakuru, na huyu aliyejilaza kwenye gunia ni Simba, miaka 11. Tangu baridi ya Juni iingie anaamka kwa awamu: anainua mbele, anapumzika, ndipo nyuma inafuata. Halii hata kidogo. Alianza tu kulamba goti moja mpaka manyoya yakaisha, kisha akaacha kupanda ngazi ya jikoni. Mimi nikadhani ni uzee na uvivu.

Daktari wa mifugo akamkagua, akasema ni viungo, akaandika hii. Meloxicam ya maji, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe. Ngoja niisogeze karibu. Mnaona hapa pembeni, maandishi ya kisirisiri? 1.5 mg/ml, yaani miligramu 1.5 kwa kila mililita. Basi shikeni hiyo namba, kwa sababu kuna chupa nyingine ya 0.5 na ni dawa ileile.

Nilivyoandikiwa mimi: siku ya kwanza miligramu 0.2 kwa kila kilo, kuanzia ya pili 0.1, mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Simba ana kilo 15. Kwa chupa hii ni mililita 2, halafu 1 kila siku. Kwa ile ya 0.5, hiyo ya kila siku ingekuwa mililita 3. Sasa mtu aliyezoea kuvuta 3 akauziwa hii, si amempa mbwa mara tatu?

Kilo nilizipataje? Nilimbeba nikapanda mizani: 83. Nikamshusha: 68. Kwisha. Usikisie kwa macho, manyoya yanadanganya.

Ladha haina shida. Ni tamu, naimwaga juu ya ugali na omena, sahani inabaki inang'aa. Tikisa chupa kwanza, lakini. Siku ya nne alimfukuza kuku mpaka langoni, kuku hakufurahi.

Sirinji sasa! Hii ya kwenye boksi, wino wa alama ulifutika wiki ya tatu. Tazameni, imebaki nyeupe. Nililazimika kukwaruza mstari wa mililita 1 kwa wembe kabla haujapotea wote. Dawa naipa nane juu ya kumi, sirinji naipa tatu, na hizo tatu ni za huruma.

Jirani yangu aliniambia, "Mama, mpe tu nusu ya Brufen, hata sisi tunakunywa." La. Brufen na diclofenac za watu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Na kama una paka, hata kipande cha parasetamoli kinaweza kumuua. Meloxicam yenyewe haichanganywi na dawa za steroidi kama prednisolone, wala sindano ya dexamethasone. Ukienda kwa daktari mwingine, taja mapema kwamba mbwa yuko kwenye meloxicam.

Mwezi jana Simba alihara siku mbili. Nilisimamisha dawa nikapiga simu, maana mbwa aliyekauka maji, figo zake ndizo zinaumia. Akitapika, akikataa chakula, au choo kikiwa cheusi kama lami, nafanya hivyohivyo, siku hiyohiyo.

Usiku namtandikia blanketi la mtumba juu ya gunia, sakafu ya saruji hapa ni barafu. Eh, ameisikia sufuria. Simba! Polepole, mzee.