Fanicha za nyumba ya kupangisha Mtwara na Lindi: geuza kitanda kabla hujalipa

Wenye nyumba wa Shangani, Ligula na Chuno, na wengine kutoka Mtanda kule Lindi, wananiandikia lalamiko lile lile. Kitanda kipya, vanishi inang'aa, mpangaji hajamaliza mkataba wa mwaka, na tayari chini ya kitanda kuna unga mweupe laini. Anafagia asubuhi, jioni umerudi. Siku moja chaga inakatika usiku wa manane na anayepigiwa simu ni mwenye nyumba.

Kwa hiyo leo sitasema habari za rangi, mitindo wala ukubwa wa sebule. Mtu aliyejenga nyumba akaipangisha kwa watu wa gesi ya Madimba, wafanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Dangote au madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo anajua mpangaji wake anataka nini. Ninachotaka mkitazame ni weupe wa mbao.

Gogo la mninga, mkongo au msaji lina kiini chenye rangi yake, na kwa nje, chini ya gamba, lina tabaka jeupe au la manjano hafifu. Kiini kina utomvu na kemikali za asili ambazo wadudu hawazipendi. Ule weupe una wanga, na wanga ndicho chakula cha bungua, mdudu mdogo anayetoboa mbao na kuacha ule unga. Jike hutaga mayai ndani ya vitundu vidogo vya mbao ambayo bado haijapakwa kitu, mara nyingi ikiwa imerundikwa kwenye yadi ya fundi. Watoto wanakula ndani kwa ndani kwa miezi, wakati mwingine mwaka mzima, huku nje huoni chochote. Wakikomaa wanatoboa na kutoka, wakiacha matundu ya milimita 1 au 2 na unga. Vanishi iliyopakwa baada ya mayai kutagwa haiwazuii kutoka. Ndiyo maana kitanda kinapendeza dukani na kuharibikia chumbani kwa mpangaji.

Wachonga vinyago wa Kimakonde wanalijua hili tangu zamani: weupe wa mpingo huchongwa na kutupwa mpaka wafike kwenye weusi. Baadhi ya maseremala wetu wa vitanda wanaupaka rangi ya mninga na kukuuzia kwa bei ya mninga. Inaniudhi sana.

Weupe hufichwa mahali pale pale siku zote: upande wa ndani wa mfumbati, nyuma ya ubao wa kichwani, chini ya matendegu, na zaidi ya kote, kwenye chaga. Chaga nyingi zinapasuliwa kutoka kwenye mabanzi, yale mapande ya nje ya gogo, yaani karibu weupe mtupu. Mnunuzi anagonga kichwa cha kitanda, anasikia mlio wa mbao ngumu, anaridhika. Chaga haziangalii, na zikishaliwa bungua hawaishii hapo, wanatafuta kila kipande cheupe kilicho jirani.

Ukienda kununua, omba kitanda kigeuzwe juu chini. Kwaruza kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Rangi ikitoka na chini yake kukatokea mbao nyeupe, umeshajua. Pigapiga kwa ngumi uone kama unga unadondoka. Angalia pia vitundu vilivyozibwa kwa gundi na vumbi la mbao, hivyo vinamaanisha mdudu ameshapita na fundi anajua. Lililo bora kuliko yote ni kuagiza kwa fundi na kukagua kabla ya vanishi. Fundi anayekataa uone mbao ikiwa tupu, mwache.

Sasa mpangilio wangu, na siufichi upendeleo.

Namba moja ni mkongo. Ni mzito, haucheziwi na unyevu wa masika yetu, na kiini chake chekundu kinajitenga wazi na weupe, kwa hiyo hata asiye fundi anaona mpaka. Wapangaji wanahama, kitanda kinafunguliwa na kufungwa tena, na mkongo unashika skrubu bila kulegea. Mafundi wanaulalamikia kwa sababu unachosha randa. Hilo ni lao.

Mninga naupa nafasi ya pili. Ni mzuri, hautanuki wala kusinyaa ovyo, na una sura ambayo mkongo hauna. Umeshushwa na jina lake: kwa kuwa kila mtu anautaka, ndio unaochakachuliwa kuliko mbao zote. Ukiwa na fundi unayemwamini, nunua bila wasiwasi.

Msaji ni wa tatu. Kiini chake kinawashinda hata mchwa, lakini miti inayovunwa michanga katika mashamba ina weupe mwingi. Uliza, kwaruza.

Vitanda vya mabomba ya chuma vinawafaa wenye vyumba vya wanafunzi. Hakuna bungua, ila hewa ya bahari inaanza kula kwenye maungio ya welding, hasa Mikindani na Shangani kwenye upepo. Pakeni rangi ya kuzuia kutu mpaka ndani ya maungio. Makabati ya boksi, yale ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, yanavimba miguu kwa kupigwa deki tu. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Chaga ziagize za paini. Najua inashangaza kusifia mbao laini, ila bungua huyu wa unga hutaga kwenye mbao zenye vitundu vipana, na paini haina. Mchwa anaila, kwa hiyo isiguse sakafu wala ukuta, na ipakwe dawa ya boraksi kisha vanishi pande zote nne. Oili chafu ya magari msiikubali. Inanuka kwa miezi na inachafua godoro.

Godoro nanunua Tanfoam ya Arusha, inchi 8, na sibadilishi. Wapo watakaotaja mengine, sawa. Kwa nyumba ya kupangisha nataka godoro lisilofanya shimo katikati mpangaji wa pili akiingia, na hilo kwangu limetimiza.

Halafu bei. Miti inakatwa Liwale na Nachingwea, magogo yanapita mbele ya macho yetu kwenda Dar es Salaam, na kitanda kinarudi kutoka Keko, kwa maseremala wa huko Dar, kikiwa na nauli ya lori juu yake. Barabara ilipokatika kwa mvua za Kimbunga Hidaya Mei 2024, walioagiza Keko walikaa na nyumba tupu, wakati maseremala wa hapa hapa wapo. Lakini na hao wa hapa wana lao: ukitamka tu kwamba nyumba ni ya watu wa gesi, bei inapanda ukiwa umesimama. Kuna duka moja mjini, jina naliacha, linakutajia bei ya kitanda, ukishalipa ndipo unaambiwa chaga ni hela nyingine. Kitanda kisicho na chaga mtu atalalia nini?

Usiseme nyumba ni ya nani. Andikishaneni aina ya mbao, chaga zikiwa ndani ya bei, na maneno "bila weupe" kwenye risiti. Malipo ya mwisho yatoke mkononi mwako kitanda kikiwa kimegeuzwa na kisu chako kimeshapita.