Linux Mint Xfce kwenye kompyuta ya nyumbani, hapa Mtwara

Watu wakiniuliza nimechagua Linux gani, ule mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, wengi huanza na sura: ipi inapendeza, ipi inafanana na Windows. Mimi nilianza na bando. Huku Shangani intaneti yetu nyumbani ni ya simu, na kompyuta ya sebuleni ni ya wote. Mimi naandalia masomo, mume wangu anaweka hesabu za korosho msimu ukifika, na binti yetu wa kidato cha tatu anajisomea. Distro, yaani toleo moja kati ya mengi ya Linux, inayokula bando bila kuuliza hainifai, hata iwe nzuri namna gani.

Mashine ni ya mtumba: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, na SSD iliyowekwa badala ya diski ya zamani. Windows 11 haiikubali rasmi, kwani inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa upande wa Intel prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi alikuwa tayari kunipigia Windows ya kukraki, nikakataa. Kompyuta ambayo mtoto anaingizia nywila zake siwezi kuijaza programu ambazo sijui nani kazichezea.

Kabla ya kufuta chochote nilijaribu distro kadhaa kwenye flashi. Programu ya Ventoy inakuruhusu kuweka mafaili kadhaa ya ISO, yaani ya kusimikia mfumo, kwenye flashi moja, ukiwasha mashine unachagua. Hapo unakagua Wi-Fi, sauti, kamera na vitufe vya mwanga wa skrini bila kugusa diski. Usiruke hatua hii. Na kama Wi-Fi haionekani, unga simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti. Mara nyingi Linux inaitambua hapo hapo, unapata njia ya kupakua dereva, programu inayoendesha kifaa cha Wi-Fi.

Fedora ni safi na vitu vyake ni vipya, ila toleo jipya hutoka kila miezi sita hivi na kila toleo huhudumiwa kwa takriban miezi 13. Kwetu huko ni kupakua kusikokwisha. Ubuntu ni imara na maelezo yake yamejaa kila mahali. Lakini kivinjari chake cha Firefox huja kama snap, aina ya vifurushi vya programu vya Ubuntu, na snap kwa kawaida hukagua masasisho mara nne kwa siku na kujisasisha zenyewe. Kuna namna ya kuzizuia. Mimi nilitaka kitu ambacho hakihitaji kuzuiwa. Debian naiheshimu sana, ipo tangu 1993, nami ningemwekea mtu aliyezoea Linux.

Mint imejengwa juu ya Ubuntu lakini haiji na snap. Matoleo ya 22 yatahudumiwa hadi 2029, kwa hiyo sina haja ya kubadilisha mfumo kila mwaka. Kinachonifurahisha zaidi ni kidhibiti chake cha masasisho: kinapanga ya usalama mbali na mengine, na ukiyachagua kinakuambia jumla ni megabaiti ngapi kabla hujabonyeza. Ya usalama nayachukua mara moja. Mengine yanasubiri bando la usiku. Mint huja na sura tofauti za skrini; nilichukua Xfce iliyo nyepesi, sio Cinnamon, kwa sababu ya ile RAM ndogo.

Umeme ukikatika ghafla, na betri yetu imekufa, mashine huzimika palepale. Mfumo wa mafaili wa ext4 huandika kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyakamilisha, basi ikiwaka hujirekebisha na kuendelea. Kazi ambayo hukuihifadhi inapotea kama kawaida, kwa hiyo LibreOffice, programu ya kuandikia na hesabu, nimeiwekea ijihifadhi kila dakika mbili.

Siku moja shemeji alikuja na flashi aliyoitoa steshenari. Uso umemshuka. “Shemeji, ripoti yangu ya ushirika wa AMCOS imepotea, nimebaki na shotikati tupu.” Nikaichomeka. Shotikati zilikuwepo, faili la virusi lilikuwepo, na folda yake ambayo Windows ilikuwa imeificha ilikuwa wazi kabisa, ripoti ndani. “Haijapotea shemeji, hii hapa.” Tukainakili, tukaformati flashi. Virusi vya aina hiyo vimeandikiwa Windows, kwenye Linux vinabaki mafaili tu.

Upungufu upo. Programu nyingi za uhasibu za Windows hazina toleo la Linux, kwa hiyo anayezitegemea afikirie vizuri; mume wangu anatumia Calc ya LibreOffice na inamtosha. Fonti ya Times New Roman haiji na Mint, na barua ikifunguliwa steshenari mistari inaweza kuhama, kwa hiyo cha kuchapisha natoa kama PDF. Na kwa GB 4, ukifungua kurasa nyingi za Firefox mashine inakwama. Nimeshatafuta RAM nyingine ya GB 4.

ISO yenyewe inakaribia GB 3, na kugawiana ni halali kabisa. Aliye mjini au Mikindani na hataki kumaliza bando aje na flashi ya GB 8, nitamnakilia, kisha tulinganishe namba ya SHA256, inayoonyesha kama faili halijabadilika, na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint kabla hajaisimika.