Betri ya drili ya volti 18: seli nzuri, bodi mbovu

Drili hii ya betri nimekuwa nayo kwa miezi 14, na kwa mashine yenyewe sina lalamiko: ina nguvu, haichoshi mkono, na hushika keekee barabara. Ninachokitathmini hapa ni betri yake ya volti 18, yenye ampea-saa 4, ambayo mwezi uliopita ilianza kukata moto kila keekee ilipozama kwenye mbao ngumu, ilhali taa tatu kati ya nne za kuonyesha chaji zilikuwa zinawaka. Nikiiweka kwenye chaja, taa nyekundu ilimetameta baada ya dakika chache, na kijitabu cha maelekezo hakikueleza zaidi ya kusema betri ina hitilafu.

Nilisafisha vituo vyake kwa spiriti, nikaiacha ipoe, kwani chaja nyingi hukataa betri iliyo moto, kisha nikaijaribu kwenye mashine nyingine inayotumia betri za aina hiyo hiyo. Hali ikawa ile ile. Mita ilisoma volti 18.0, sawasawa na lebo, na hapo ndipo ningeweza kuamini kwamba ni nzima.

Muda wa dhamana ulikuwa umekwisha, basi nikavua pete kidoleni, kwa kuwa chuma kikiunganisha ncha mbili za seli hizi hugeuka kaa la moto papo hapo, nikafungua skrubu nne. Ndani mna seli 10 za aina ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zilizopangwa jozi tano zinazofuatana. Jozi nne zilisoma volti 3.85 kila moja. Ya tano, iliyo karibu kabisa na bodi ya saketi, ilisoma 2.6. Zijumlishe, utapata zile zile 18.0. Taa za nje husoma jumla, lakini bodi huitazama kila jozi, na drili inapovuta mkondo mkubwa, jozi iliyopungukiwa huporomoka na bodi hukata umeme wote.

Niliichaji jozi hiyo peke yake, kwa mkondo mdogo na bila kuondoka mezani, hadi ikalingana na nyingine. Baada ya siku tatu ilikuwa imeshuka hadi 3.2. Nikaubandua kwa pasi ya risasi waya mwembamba unaoiunganisha na bodi, nikarudia jaribio. Safari hii haikuteremka. Kumbe seli ni nzima, mnyonyaji ni bodi.

Bodi hiyo haina hata njia ya kusawazisha jozi wakati wa kuchaji, na watengenezaji hawaiuzi peke yake, jambo ambalo naliona ni kosa kubwa kuliko hitilafu yenyewe. Asiyezoea kazi hii asiifungue, maana seli ya lithiamu ikitobolewa huweza kulipuka moto. Akiona dalili nilizozitaja, aidai dhamana mapema. Drili nitabaki nayo. Betri imekaa rafuni, seli zake zimejaa chaji, na bila ule waya bodi hairuhusu drili izunguke.