Trei, taa na mkeka wa joto: nilivyopata ngogwe zangu Minneapolis

Mwaka jana nilisia mbegu za ngogwe (nyanya chungu) kwenye vikopo vya mtindi, nikavipanga dirishani. Zilikaa wiki tatu ndipo chache zikaota, na hizo chache zikarefuka kama uzi zikiinamia kioo. Hadi kufika Juni hakuna mche hata mmoja uliobaki. Mwaka huu nikanunua seti nzima kwa dola 54: trei ya matundu 72, sinia la kuweka chini yake, kifuniko cha plastiki, mkeka wa umeme wa kupasha joto na taa ya LED.

Nianze na mkeka, maana ndio ulioleta tofauti yote. Mwezi wa tatu huku nje bado theluji, na chumba chetu cha chini hakifiki nyuzi 18. Ngogwe, kama walivyo ndugu zake biringanya na pilipili, huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 25 hadi 30. Nilisia tarehe 20 Machi. Siku ya nane, kabla sijaenda kazini, nikaona udongo umepasuka kwenye tundu la pembeni, na shingo nyeupe imejikunja kama ndoana, bado ina ganda la mbegu kichwani. Nikamwita mume wangu aje aone. Baada ya siku nne nyingine nilihesabu miche 61.

Taa nayo sina neno baya. Niliishusha hadi vidole vinne juu ya miche, nikaiwasha saa 15 kwa siku, na mashina yakatoka mafupi, manene.

Kifuniko ndicho kilichoniumiza. Karatasi ya maelezo inasema kisitolewe mpaka miche iwe na majani mawili ya kweli, yaani yale yanayofuata baada ya majani ya kwanza ya mbegu. Nikatii. Siku chache baadaye miche tisa ya kona moja ililala. Nikauinua mmoja: shina, pale linapogusa udongo, limesinyaa na kulowa, ilhali majani bado mabichi kabisa. Kinyausi! Ugonjwa uleule uliokuwa ukimaliza nyanya za mama kitaluni Usa River, karibu na Arusha. Mama alikuwa akimwagilia asubuhi tu, na akiona dalili anapunguza nyasi za kichanja ili hewa ipite. Nikafanya vivyo hivyo kwa namna ya huku: kifuniko nikakitoa moja kwa moja, maji nikawa namimina kwenye sinia la chini, na feni ndogo ikapuliza saa kadhaa kila siku. Hakuna mwingine ulioanguka. Kwa hiyo ukinunua seti ya aina hii, toa kifuniko mara tu mbegu zinapochomoza, karatasi iseme itakavyo.

Trei ni nyepesi mno. Ikiwa imejaa ibebe kwa chini, vinginevyo inapinda na udongo unamwagika.

Mwanzoni mwa Mei nilianza kuizoesha miche hali ya nje, saa moja kivulini siku ya kwanza, nikiongeza kidogo kidogo kwa siku kumi. Kabla ya katikati ya Mei usithubutu kuipanda bustanini, baridi ya usiku mmoja inatosha kuiua yote.

Aliye Dar au Mombasa asipoteze hela kwa mkeka, trei na kivuli vinamtosha. Kwa tulio kwenye baridi, naipa nyota nne. Juzi nimechuma ngogwe za kwanza, nusu kilo hivi, nikazipika na nyama ya ng'ombe. Mwakani naongeza mkeka wa pili, niweke na pilipili.